Majira, Mbu na Homa katika Historia ya Jiji la Nairobi

Utangulizi

Jina la Nairobi lenyewe ni habari ya hali ya hewa. Limetokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na ubaridi huo ndio ambao kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa ngao ya mji dhidi ya homa iletwayo na mbu. Mtu atokaye Mombasa au Kisumu akihamia Nairobi huambiwa kwamba huku hakuna malaria, na kwamba chandarua ni mzigo wa bure. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Jiji limejengwa kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vitongoji vyake vya magharibi, kama vile Kangemi, Dagoretti na Kabete, viko juu zaidi ya hapo. Hata hivyo, historia ya mji huu ina miaka ambayo ngao hiyo ilitoboka, na watu wakaugua na kufa katika mahali palipodhaniwa kuwa salama.

Makala haya yanakusudia kuichunguza imani hiyo kwa kuyafuata mambo matatu pamoja, yaani majira, mdudu, na kazi za mikono ya binadamu. Hoja yake ni kwamba baridi ya Nairobi ni ngao ya kweli, lakini si ngao kamili. Katika kila kipindi, kilichoamua nani augue ni jinsi mvua na joto zilivyokutana na mitaro, mashimo, mapipa na nyumba za watu. Kwa kuwa lugha za Afrika zimehifadhi sehemu ya maarifa hayo, maneno nayo yatatumika hapa kama ushahidi wa kihistoria.

Majira kama ushahidi

Msafiri Mwingereza Richard Burton, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1856 juu ya safari zake za Zeila na Harar, alieleza kwamba wenyeji wa pwani ya Wasomali waliamini kuwa mbu ndio waletao homa. Burton aliihesabu imani hiyo kuwa ushirikina. Kwa maoni yake watu hao walidanganyika tu kwa sababu mbu na homa huzidi katika wakati mmoja wa mwaka. Ni ajabu kwamba jambo lile lile alilolitumia kuwapinga ndilo lililokuwa ushahidi wao mkubwa. Watu waliokaa karne nyingi mahali pamoja walikuwa wameona kuwa vitu viwili huja pamoja na kuondoka pamoja, wakakisia kuwa kimoja ni chanzo cha kingine.

Ushahidi wa namna hiyo ulionekana tena Usambara. Mwaka 1898 mwanasayansi Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa akifanya utafiti katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliripoti kuwa watu wa milima hiyo waliposhuka tambarare walirudi na homa waliyoiita mbu, kwa jina lile lile la mdudu. Hivyo neno moja lilibeba ugonjwa pamoja na kinachouleta. Lugha za Ulaya wakati huo zilikuwa bado zimeshikilia neno la Kiitaliano malaria, ambalo maana yake ya asili ni hewa mbaya. Neno hilo ndilo lililoenea duniani, na hata leo linatumika Nairobi kuliko jina jingine lolote la ugonjwa huo, ingawa maana yake ya kwanza ilikuwa kosa.

Uthibitisho wa kimaabara ulipatikana katika miaka ile ile. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad nchini India, Ronald Ross aliviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata, 1898, Giovanni Battista Grassi na wenzake nchini Italia walionyesha kuwa mbu wa aina ya anofelesi ndiye anayeviambukiza vimelea hivyo kwa binadamu. Miaka hiyo ndiyo reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ilipokuwa ikipanda kuelekea bara. Kwa hiyo Nairobi ni miongoni mwa miji ya kwanza ya Afrika kuanzishwa baada ya siri ya mbu kufumbuliwa. Walioujenga mji huu hawakuwa na udhuru wa kutojua.

Hesabu ya joto na mvua

Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa kwanza ifahamike jinsi majira yanavyomtawala mbu. Mbu jike hutaga mayai majini. Mayai huangua viluwiluwi, na viluwiluwi hugeuka mbu kamili. Maji yakiwa na joto kazi hiyo hukamilika kwa muda wa wiki moja au mbili, na yakiwa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Bila maji hakuna kizazi, na kwa hiyo mvua ndiyo inayoamua wingi wa mbu.

Joto nalo huamua jambo jingine lililo kubwa zaidi. Mbu anayemwuma mgonjwa hawezi kuambukiza mtu mwingine papo hapo, kwa sababu vimelea havina budi kukua ndani ya mwili wake kwanza. Kwa kimelea cha malaria kali, wataalamu wametumia kanuni nyepesi ya hesabu: wastani wa joto hupunguzwa digrii 16 za sentigredi, kisha 111 hugawanywa kwa kinachobaki, na jibu huwa idadi ya siku zinazohitajika. Mahali penye joto la digrii 25, kama ilivyo pwani, vimelea hukomaa kwa siku 12 hivi. Penye digrii 20 huhitaji siku 28. Penye digrii 18 huhitaji siku 55 au 56. Joto likishuka hadi digrii 16 hukoma kukua kabisa. Mbu wengi hawaishi zaidi ya wiki chache, kwa hiyo mahali penye baridi mdudu hufa kabla hajawa hatari.

Nairobi iko kwenye ukingo wenyewe wa hesabu hiyo. Katika miezi ya Februari na Machi, iliyo ya joto zaidi, wastani wa joto hukaribia digrii 20, na mwezi wa Julai hushuka hadi kama digrii 16 au 17. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba. Ukizilinganisha kalenda hizo mbili utaona kwamba katika mwaka wa kawaida mvua na joto hupishana. Masika yanapomaliza kujaza madimbwi, baridi ya Juni imekwisha ingia. Joto la Januari na Februari linapofika, maji ya vuli yamekwisha kauka. Mji husalimika kwa sababu ya kupishana huko. Hatari huja katika mwaka ambao utaratibu huo unavunjika, ama vuli ikaendelea hadi Januari, ama masika yakaanza mapema na baridi ikachelewa.

Jambo moja zaidi ni la lazima kuongezwa. Joto linalopimwa katika kituo cha Idara ya Hali ya Hewa, Dagoretti Corner, ni joto la nje kivulini. Mbu wa malaria hupumzika ndani ya nyumba. Chumba kimoja cha mabati au cha udongo, chenye jiko na watu sita, huwa na joto la usiku lililozidi la nje kwa digrii kadhaa. Kwa kimelea, tofauti ya digrii 18 na 20 ni tofauti ya karibu siku 28. Hivyo katika mji mmoja, usiku mmoja, nyumba ya maskini inaweza kuwa katika hali ya hewa nyingine kabisa.

Mji juu ya kinamasi

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, kwenye maili 327 kutoka Mombasa. Wahandisi walipachagua mahali hapo kwa sababu palikuwa tambarare na palikuwa na maji, kabla ya njia kuanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Hawakukusudia kujenga mji mkuu. Kiwanja kilikuwa kwenye udongo mweusi usiopitisha maji, nao mto ulipita hapo ukiwa umetapakaa kinamasi cha mafunjo. Upande wa magharibi ardhi ilikuwa ya namna nyingine, yaani matuta ya udongo mwekundu yaliyotenganishwa na vijito, ambako maji ya mvua hayatuami bali huteremka. Kila tone lililoanguka Kileleshwa au Kilimani lilishuka kuelekea uwanda wa mashariki.

Tofauti hiyo ya udongo iligeuka kuwa tofauti ya watu. Maafisa wa Kizungu walijenga nyumba zao mlimani na kwenye matuta ya magharibi na kaskazini. Wafanyakazi wa reli walikaa katika safu za nyumba zilizoshikana kando ya stesheni, na wafanyabiashara wa Kihindi katika mtaa wa maduka uliobanana. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa huo, na watawala wakauteketeza kwa moto. Maafisa wa tiba walipendekeza mara kwa mara kwamba mji uhamishwe kwenda mahali pakavu zaidi. Winston Churchill, aliyepita Nairobi mwaka 1907 akiwa Naibu Waziri wa Makoloni, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuwa wakati wa kuuhamisha ulikuwa umekwisha pita. Makao makuu ya serikali yalikuwa tayari yamehamishiwa Nairobi kutoka Mombasa mwaka 1905.

Kinamasi ndicho kilichopewa lawama yote, na John Ainsworth, mtawala wa kwanza wa wilaya hiyo, alipanda mikaratusi mingi mjini. Lakini elimu ya mbu iliyopatikana baadaye haikubaliani kikamilifu na lawama hiyo. Mbu mkuu wa malaria katika Afrika, Anopheles gambiae, hapendi maji yaliyofunikwa na mafunjo marefu yenye kivuli. Hupenda vidimbwi vidogo, vipya, vilivyo wazi kwa jua, kama vile nyayo za ng'ombe, njia za magurudumu, mashimo ya matofali, machimbo ya mawe, na mahandaki yaliyochimbwa udongo wa kujengea tuta la reli. Mwenzake, Anopheles funestus, ndiye anayependa maji ya kudumu yenye majani. Utafiti uliofanywa Kabale, katika milima ya kusini-magharibi mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyofyekwa na kulimwa vilikuwa na joto zaidi usiku kuliko vile vilivyo kando ya mafunjo ya asili. Kwa hiyo kazi za ujenzi, zilizodhaniwa kuwa zinaufukuza ugonjwa, mara nyingine zilimwandalia mbu kitanda.

Elimu iliyogeuzwa mpaka

Ugunduzi wa Ross na Grassi ungaliweza kutumiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kukausha madimbwi ya kila mtu. Njia ya pili ilikuwa kuwatenga watu. Huko Freetown, Sierra Leone, serikali ya Uingereza ilichagua njia ya pili, na mwaka 1904 ikafungua mtaa wa Wazungu mlimani kwa hoja kuwa watoto wa Kiafrika walikuwa na vimelea vingi katika damu yao, hivyo ni lazima Mzungu alale mbali nao. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kukagua hali ya afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza kuwa Wazungu, Wahindi na Waafrika watengewe maeneo yao ya makazi.

Pendekezo hilo lilikuwa na kasoro ya kisayansi iliyo wazi. Mbu wa malaria huweza kuruka kilomita moja au mbili, wala hasomi ramani ya mipaka. Zaidi ya hayo, mabwana wa vitongoji vya magharibi hawakuweza kuishi bila wapishi, watunza bustani, yaya na walinzi. Watumishi hao walilala katika vyumba vidogo nyuma ya nyumba zile zile zilizodaiwa kutengwa. Wengi wao walitoka Nyanza na sehemu nyingine zenye malaria, wakaenda likizo makwao na kurudi. Kama kweli hatari ilikuwa katika damu ya Mwafrika, basi ilikuwa imekaribishwa uani. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa utengano wa Wazungu na Wahindi katika makazi ya mijini uachwe, lakini ramani ilikuwa imekwisha chorwa, na mitaro mizuri ilikuwa imechimbwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Mtaa wa Pumwani, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika, uliwekwa upande wa mashariki, upande ambao maji hutuama.

Miaka ngao ilipotoboka

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliorudi kutoka Tanganyika walirejea na vimelea katika damu yao, na homa ikazuka katika baadhi ya nyanda za juu ambako hapo awali ilikuwa nadra. Mwaka 1926 malaria ilienea tena kwa nguvu katika nyanda za juu za Kenya. Nairobi yenyewe ilipigwa vikali mwaka 1940. C. B. Symes, mtaalamu wa wadudu wa Idara ya Tiba, aliandika mwaka huo juu ya malaria ya Nairobi, na jarida la madaktari la Afrika Mashariki likawa uwanja wa mjadala. Mji wakati huo ulikuwa ukijaa askari kwa ajili ya vita dhidi ya Waitaliano waliokuwa Ethiopia na Somalia. Kambi zilijengwa kwa haraka, na ujenzi wa haraka huacha mashimo.

Sababu ya ukali wa maradhi katika miaka hiyo inafahamika. Mtu wa Kisumu au wa Kilifi anayeumwa na mbu mwaka baada ya mwaka hujenga kinga fulani tangu utoto, kwa gharama ya watoto wengi wanaokufa kabla ya kuipata. Mtu aliyekulia Nairobi au Kericho hana kinga hiyo. Baridi inayomlinda miaka tisa humwacha bila silaha mwaka wa kumi. Kwa sababu hiyo magonjwa ya milipuko ya nyanda za juu huua watu wazima pamoja na watoto.

Kufikia miaka ya 1950 malaria ya kuambukizwa mjini ilikuwa imepungua sana. Mitaro ilichimbwa, mto ulinyooshwa sehemu kadhaa, dawa za kuua wadudu zilipatikana, na nyumba zikafunika ardhi iliyokuwa ya madimbwi. Sababu nyingine haina sifa njema. Maji ya mito ya Nairobi yalichafuka kwa taka za viwanda na vyoo, na anofelesi kwa kawaida hupendelea maji safi. Mahali pake palichukuliwa na mbu wa aina ya kuleksi, anayestawi katika maji machafu. Huyo ndiye anayewanyima usingizi wakazi wa bonde la Mto Nairobi na wa kando ya Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na baadaye likafunikwa na magugu-maji. Kuleksi haenezi malaria. Pwani hueneza matende, lakini Nairobi huumia masikio zaidi kuliko damu.

Kabete na homa ya Bonde la Ufa

Vitongoji vya magharibi vina nafasi yake katika historia hii kwa sababu nyingine pia. Katika maabara ya mifugo ya Kabete, R. Daubney na J. R. Hudson, pamoja na daktari P. C. C. Garnham, waliuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiua wana-kondoo kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1931 wakautangaza kuwa unatokana na virusi. Waliuita homa ya Bonde la Ufa, nao waliwashuku mbu tangu mwanzo.

Ugonjwa huo unaonyesha uhusiano wa majira na mbu kuliko mwingine wowote. Mbu wa aina ya edesi hutaga mayai katika udongo wa mabonde ambayo hufurika mara chache tu. Mayai hayo huweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka, na baadhi yake huwa na virusi ndani tangu kwa mama. Mafuriko yakija, mbu huanguliwa kwa makundi wakiwa tayari wameambukizwa. Wakati wa mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998, ilikadiriwa kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika Wilaya ya Garissa peke yake. Miezi hiyo hiyo malaria ililipuka Wajir, nchi kame ambako watu hawakuwa na kinga.

Kutokana na msiba huo wanasayansi walijifunza kusoma joto la bahari na ukijani wa ardhi kwa setilaiti ili kutabiri ugonjwa. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2006 tahadhari ilitolewa mapema, na kati ya Disemba mwaka huo na mwanzo wa 2007 ugonjwa ulitokea kama ulivyotabiriwa. Utabiri ulifaulu, lakini chanjo ya mifugo na maandalizi hayakwenda kwa mwendo wa utabiri, na zaidi ya watu 100 walikufa nchini Kenya.

Ukame nao ni majira ya mbu

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mvua pekee ndiyo rafiki wa mbu. Majina ya magonjwa matatu yaliyoingia katika tiba ya dunia kutoka katika lugha za Afrika Mashariki yanasaidia kulifafanua jambo hili. Daktari James Christie, aliyekaa Unguja, aliandika juu ya homa ya maumivu ya viungo iliyozuka huko mwaka 1823 na tena 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo. Kuna wataalamu wanaoamini kuwa jina hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likageuzwa na Wahispania kuwa dengue, ambalo sasa limerudi katika Kiswahili kama dengi. Mwaka 1952 na 1953, katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, maradhi mengine ya viungo yalipewa jina la Kimakonde chikungunya, yaani kinachokunja mwili. Mwaka 1959 Waacholi wa Uganda wakaiita homa nyingine o'nyong'nyong, kwa maana ya kudhoofika kwa viungo. Hiyo ilienezwa na mbu wale wale wa malaria na kuwapata watu wapatao milioni mbili katika Afrika Mashariki kufikia mwaka 1962. Wenyeji walitaja walichokiona, yaani mwili uliokunjika, na maelezo yao yakawa sahihi kiasi cha kukubaliwa na madaktari wa dunia nzima.

Chikungunya ilirudi mwaka 2004 katika mji wa Lamu, na kuwapata takriban robo tatu ya wakazi. Haikuja na mafuriko. Ilikuja wakati wa ukame na joto lisilo la kawaida. Visima vilipopungua, watu waliweka maji majumbani katika mapipa na mitungi kwa siku nyingi, na edesi wa mjini, ambaye hutaga katika vyombo hivyo, akapata makazi karibu na kitanda. Kutoka pwani ya Kenya ugonjwa ulifika Komoro na Réunion mwaka 2005, kisha India. Yaliyotokea Lamu yanaihusu Nairobi moja kwa moja. Katika mitaa mingi ya jiji, Kawangware na Kangemi zikiwamo, maji ya bomba huja kwa zamu, na kila nyumba ina mitungi yake ya plastiki na tangi lake. Mpaka sasa baridi imemzuia edesi asizidi kama Mombasa, ambako dengi imelipuka mara kadhaa tangu 2013.

Homa inayosafiri kwa basi

Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2020, asilimia 19 ya watoto wa eneo la Ziwa Victoria walikutwa na vimelea vya malaria, lakini katika eneo la hatari ndogo, ambalo Nairobi imo, walikuwa chini ya asilimia moja. Wagonjwa wengi wa malaria halisi wanaolazwa Nairobi huwa wametoka safari. Majira yao hufuata kalenda ya shule na sikukuu zaidi ya mawingu. Familia huenda Busia, Siaya au Kwale mwezi wa Aprili au Disemba, na homa hupanda basi pamoja nao wakati wa kurudi.

Hapa lugha ina sehemu yake tena. Katika Kiswahili cha Nairobi neno homa hutumika kwa mafua ya Julai na kwa joto la mwili la aina yoyote, na neno malaria nalo limetanuka hivyo hivyo. Zamani mtu mwenye joto la mwili alipewa klorokwini bila damu yake kupimwa, na homa ya mapafu au ya matumbo ikaachwa iendelee. Matumizi hayo ya ovyo, hapa na kwingineko, yalisaidia kuizoesha malaria dawa, hata Kenya ikalazimika kuiacha klorokwini mwaka 1998, na mwaka 2004 kuamua kutumia dawa mseto.

Suala la ongezeko la joto limezua mjadala mkubwa kuhusu nyanda za juu. Malaria iliporudi katika mashamba ya chai ya Kericho katika miaka ya 1980 na 1990, kundi moja la watafiti liliandika mwaka 2002 kuwa hali ya hewa haikuwa imebadilika vya kutosha kuwa sababu, na kwamba usugu wa dawa ulitosha kueleza. Kundi jingine, mwaka 2006, liliyachunguza upya matokeo ya joto na kuona kuwa joto lilikuwa limepanda kweli. Mawazo hayo mawili hayalazimiki kupingana. Mahali palipo ukingoni, kama hesabu ilivyoonyesha, nusu digrii huondoa siku nyingi katika muda wa vimelea kukomaa, na dawa isiyofanya kazi huwaacha wagonjwa wengi zaidi wa kuumwa na mbu.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa Nairobi haikuokolewa na kimo chake peke yake. Iliokolewa na kupishana kwa mvua na joto, kisha na mitaro, nyumba imara na dawa, na kwa sehemu fulani na uchafu wa mito yake. Kila moja ya hizo inaweza kubadilika. Usiku wa jiji unazidi kuwa na joto kadiri majengo na lami zinavyoongezeka. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyobomoa nyumba za Mathare, yalionyesha kuwa maji bado yanafuata njia ile ile ya mwaka 1899, kutoka matuta ya magharibi kwenda uwanda wa mashariki. Mafuriko yenyewe huwazoa viluwiluwi, lakini hatari huja wiki kadhaa baadaye, maji yakishuka na kuacha vidimbwi.

Aidha, adui mpya amebisha hodi. Mbu wa Asia, Anopheles stephensi, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, alithibitishwa kuwapo Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na habari zake zikatangazwa mwaka 2023. Tofauti na anofelesi wa Afrika, huyu hutaga katika matangi na mapipa ya mjini, mvua iwepo isiwepo. Akifika Nairobi, hesabu ya masika na vuli haitatosha kumzuia; joto pekee ndilo litakalobaki kuwa kizuizi, nalo linapanda. Kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, pamoja na taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979, zinaupa mji huu wataalamu ambao mji wa 1899 haukuwa nao.

Kazi inayobaki ni ya mji wenyewe. Mwaka 1913 elimu ya mbu ilitumiwa kuchora mipaka ya makazi, na mbu wakaivuka. Bomba lenye maji kila siku Kawangware, kifuniko cha tangi Kangemi na mtaro unaopitisha maji Mathare ni kinga ya Lavington na Karen vilevile, kwa sababu watu wa mitaa hiyo yote hukutana kila asubuhi kazini, na damu yao huumwa na mbu wale wale.